Posa Iliyojificha Ndani ya "Tu-": Kusoma Riwaya ya Mnara wa Taa Tukiwa Arua na Koboko

Utangulizi

Makala haya yanahakiki tukio moja dogo katika riwaya ya Virginia Woolf iitwayo To the Lighthouse, iliyochapishwa mwaka 1927. Tukio lenyewe ni posa. Kijana Paul Rayley anamposa msichana Minta Doyle ufukweni, katika kisiwa cha Skye huko Uskochi, kwenye ghuba yenye mnara wa taa. Wanafunzi wengi wanapoisoma riwaya hii kwa mara ya kwanza hulipita tukio hili bila kuliona, kisha hushangaa kuambiwa kwamba watu wamekwisha kuchumbiana. Hawana makosa. Mwandishi amelificha kwa makusudi, na mahali alipolificha panatuhusu sana sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili, kwa sababu amelificha ndani ya neno moja la nafsi.

Wapo watakaouliza: Arua na Koboko zina uhusiano gani na mnara wa taa? West Nile haina bahari. Mwanafunzi wa Koboko anaujua mpaka wa Sudan Kusini na mpaka wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kabla hajaijua pwani yoyote. Mnara anaoujua ni ule wa simu, wenye taa nyekundu kileleni usiku. Swali hilo ni la haki, na makala haya hayatalikwepa. Hoja yetu ni kwamba umbali huo una faida. Msomaji wa Arua, anayejua kwamba posa ni kazi ya vinywa vingi, anaweza kuona katika tukio hili jambo ambalo msomaji aliyezoea pete na kupiga goti huenda asilione.

Hoja kuu ni hii: posa ya Paul na Minta imo ndani ya nafsi ya kwanza wingi, na mfasiri akiandika "tu-" bila kujiuliza ni nani waliomo ndani yake, atakuwa ameoza watu asiowajua.

Riwaya kwa ufupi

Riwaya ina sehemu tatu. Katika sehemu ya kwanza familia ya Ramsay, yenye watoto wanane, iko mapumzikoni kisiwani pamoja na wageni wao. Mtoto wa mwisho, James, mwenye umri wa miaka sita, anatamani kupelekwa kwenye mnara wa taa kesho yake. Mama anamtia moyo. Baba anasema hali ya hewa haitaruhusu. Siku inapita, wanakula chakula cha jioni, wanalala. Katika sehemu ya pili miaka kumi inapita ndani ya kurasa chache tu. Nyumba iko tupu. Mama Ramsay anafariki, na binti yake Prue na mwanawe Andrew pia wanafariki, na habari za vifo hivyo zinatajwa ndani ya mabano ya mraba, kana kwamba ni mambo ya kando. Katika sehemu ya tatu waliobaki wanarudi, na safari ya mnarani inafanyika hatimaye, wakati James amekwisha kuwa kijana na hamu yenyewe imegeuka kuwa kinyongo.

Kichwa cha riwaya peke yake ni somo zuri la tafsiri. Tukisema "Kwenye Mnara wa Taa" tunampa msomaji mahali. Tukisema "Kuelekea Mnara wa Taa" tunampa mwendo. Riwaya ni ya mwendo, tena mwendo uliocheleweshwa miaka kumi. Kwa hiyo "Kuelekea" ndiyo inayofaa, na darasa litakaloanza na mjadala huo litakuwa limeingia riwayani kwa mlango wa mbele.

Tukio lenyewe

Alasiri ya siku hiyo vijana wanne wanakwenda matembezini ufukweni: Paul, Minta, na watoto wawili wa familia, Andrew na Nancy. Nancy na Andrew wakiwa wanachezea mabwawa madogo miambani, wanawafuma Paul na Minta wamekumbatiana nyuma ya mwamba. Wanachukia, wanavaa viatu vyao bila kusemezana. Msomaji hapewi neno lolote lililosemwa nyuma ya mwamba huo. Hapewi ombi, wala jibu.

Wakiwa njiani kurudi, Minta anagundua kwamba ameipoteza bruchi ya bibi yake, yaani lile pambo lenye pini linalobandikwa kifuani. Wote wanne wanarudi ufukweni kuitafuta, na maji ya bahari yanajaa. Hawaipati. Minta analia, na Nancy anahisi kwamba kilio hicho si cha bruchi peke yake. Paul anajiapia moyoni kwamba ataamka alfajiri aitafute tena, na kama haionekani atamnunulia nyingine nzuri zaidi. Wanapopanda kilima usiku ukiingia, anaona taa za mji chini yao zikiwaka moja baada ya nyingine, naye anaziona kama mambo yatakayomtokea maishani: ndoa, watoto, nyumba.

Wanafika wamechelewa chakula. Paul anakaa karibu na Mama Ramsay na kueleza kwa nini wamechelewa. Katika maelezo yake anatumia nafsi ya kwanza wingi. Mama Ramsay analisikia neno hilo, anasikia jinsi sauti ya kijana ilivyopanda kidogo ili kulivuka, na hapo hapo anajua kila kitu. Anajua kwamba ni mara ya kwanza kijana huyu kulitamka neno hilo kwa maana hiyo, na kwamba tangu leo wawili hawa watalitamka hadi uzeeni.

Hapo ndipo posa ilipo. Haikuwa ufukweni tulipoitafuta. Iko mezani, kati ya sahani, katika neno ambalo wengine wote wamelisikia bila kulisikia.

Kiambishi kimoja, watu wangapi?

Tulione tatizo la mfasiri. Katika Kiingereza nafsi ya kwanza wingi ni neno huru. Msemaji anaweza kulikazia, kulisitia, kulipandishia sauti. Katika Kiswahili nafsi hiyo ni kiambishi kilichogandamana na kitenzi, na shadda ya Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Ukisema "tulirudi", shadda iko kwenye "ru". Kiambishi "tu-" kinapita haraka, hakina pa kupandishia sauti. Mhusika anayetakiwa kusitasita juu ya neno amenyimwa neno la kusitasitia.

Mfasiri ana njia kadhaa. Njia ya kwanza ni kuandika "Tulirudi" na kuendelea. Hii ni sahihi kisarufi, lakini posa inapotea. Tukumbuke kwamba waliorudi kuitafuta bruchi ni wanne. Kwa msikilizaji yeyote mezani, "tu-" hiyo ni ya watu wanne, tena ni kweli. Ustadi wa Woolf uko hapo hapo: neno linabeba wanne kwa ukweli wa habari, na linabeba wawili kwa ukweli wa moyo. Ni Mama Ramsay peke yake anayehesabu wawili.

Njia ya pili ni kuandika "Sisi tulirudi". Kwa msomaji aliyezoea Kiswahili cha pwani, "sisi" hiyo ni nzito kupita kiasi. Inaleta maana ya kulinganisha: sisi, si wao. Kwa msomaji wa Arua inatokea kinyume. Mwalimu yeyote aliyesahihisha insha za wanafunzi wa West Nile anayajua mafululizo ya aina hii: "Sisi tulikwenda, sisi tulikula, sisi tulirudi." Lugha wanazotoka nazo nyumbani zina mchango hapo. Mlugbara ana neno huru "ama", na Mnubi ana neno huru "ina". Mwanafunzi anatafuta neno huru la namna hiyo katika Kiswahili, analipata "sisi", na analiweka kila mahali. Matokeo ni kwamba kwake "sisi" haina uzito wowote. Basi tafsiri ile ile itamlemea msomaji mmoja na kumpita mwingine. Hii ni sababu tosha ya kuikataa.

Njia ya tatu ni ya Kiswahili chenyewe. Tunasema "Tulirudi na Minta" tukimaanisha "mimi na Minta tulirudi". Nafsi ya wingi inatangulia, kisha mtu wa pili anaongezwa kwa "na". Ni muundo mzuri sana, na wanafunzi waufahamu, kwa sababu unawachanganya wengi wanaohesabu watu kwa hesabu ya lugha nyingine. Lakini hapa unasema waziwazi mno. Paul angekuwa ametangaza, na Mama Ramsay asingekuwa na kitu cha kugundua.

Njia ya nne, ambayo makala haya yanaipendekeza, ni kuvunja kitenzi: "Tu... tulirudi." Kijana anaanza, anakwama juu ya kiambishi, anarudia. Wanaosikiliza watadhani amepaliwa au ana haya. Mama Ramsay atajua. Nasi tutakuwa tumemfanya Paul asitesite kwa namna ambayo Mswahili husitasita, badala ya kumlazimisha asitesite kwa namna ya Kiingereza.

Tena kuna faida inayokuja baadaye. Mama Ramsay anapowaza kwamba wawili hawa watalitumia neno hilo maisha yao yote, Kiingereza kinalazimika kulirudia neno. Kiswahili hakihitaji kujitahidi. Kila kitenzi kitakachotoka vinywani mwao kitaanza na "tu-": tulinunua, tulihama, tuliuguliwa, tulizika. Ndoa nzima inaweza kusimuliwa kwa mfululizo wa vitenzi, na ndani ya kila kimoja wawili wale wamo. Hapa lugha yetu inakipata Kiingereza na kukipita.

Mshenga asiyeitwa mshenga

Sasa turudi kwenye faida ya kuisoma riwaya hii tukiwa Arua. Katika mijadala ya wanafunzi kuhusu ndoa, mara nyingi husikika kauli mbili. Ya kwanza ni kwamba posa ya Kizungu ndiyo ya mapenzi, kwa kuwa ni ya watu wawili, na posa yetu ni biashara ya ng'ombe. Ya pili ni kwamba posa ya Kizungu ni ya upweke, haina wazee, na kwa hiyo haituhusu. Kauli zote mbili zinakubaliana kwamba katika posa ya Kizungu hakuna mtu wa tatu. Riwaya hii inazikanusha zote mbili.

Tumfuatilie Paul anavyorudi nyumbani usiku ule. Anachowaza ni kwenda moja kwa moja kwa Mama Ramsay kumwambia kwamba amelitimiza. Anaamini kwamba yeye ndiye aliyemfanya alitimize, maana alimwamini, alimtazama kana kwamba anaweza. Mama Ramsay mwenyewe anakiri moyoni kwamba amewasukuma, na anahisi wajibu mbele ya wazazi wa Minta, ambao hawapo na hawakuulizwa. Katika Kiswahili mtu wa namna hiyo ana jina. Ni mshenga.

Lakini ni mshenga wa ajabu. Mshenga wa kwetu anatumwa. Ana watu nyuma yake, na ana watu mbele yake. Akienda kwa wazazi wa binti hasemi "mimi", husema "tumekuja". "Tu-" yake ni ya ukoo mzima, na anajua kwamba maneno yakiharibika baadaye, mlango wa kwanza utakaobishwa hodi ni wake. Mama Ramsay hakutumwa na mtu. Amejituma. Hakuna anayeweza kumbishia hodi, kwa sababu hakuna aliyemwona akipita.

Na maneno yanaharibika. Miaka kumi baadaye mchoraji Lily Briscoe, mwanamke ambaye Mama Ramsay alitaka kumwoza pia lakini akashindwa, anawakumbuka Paul na Minta. Ndoa yao haikufaulu. Minta anarudi nyumbani usiku wa manane, Paul anagombana naye. Paul ana mwanamke mwingine, mtu makini wanayeshirikiana naye mambo ya siasa. Baadaye mume na mke wanakuwa marafiki wazuri, wasiopendana tena kama zamani. Gari likiharibika njiani, Minta anampa Paul vifaa vya kulitengenezea na mambo yako shwari. Lily anafurahi kidogo kwamba Mama Ramsay alikosea, halafu furaha hiyo inamwumiza, kwa kuwa Mama Ramsay amekufa na hawezi kujibu.

Kejeli ya Woolf ni kali hapa. Mshenga amekufa ndani ya mabano, na ndoa aliyoiunganisha inalegea pasipo mtu wa kuitwa kikao. Msomaji wa Koboko atauliza mara moja: wazee walikuwa wapi? Ni swali zuri, na ni la uhakiki halisi. Linaonyesha kwamba "tu-" ya watu wawili ni nyembamba; ikikatika, haina nyuzi nyingine za kuishika.

Moto wa mlima Liru

Tusiharakishe kushangilia, hata hivyo. Ikiwa tunaweka "tu-" ya ukoo mezani kama jibu, nayo lazima ihakikiwe kwa jicho lile lile. Hapa fasihi simulizi ya West Nile ina kitu cha kusema.

Walugbara wanasimulia habari za mashujaa wawili, Jaki na Dribidu, ambao majina yao yameshikamana na milima miwili: Liru, ulioko Koboko, na Eti, ambao wengi wanauita Wati. Masimulizi hayo yaliandikwa na mwanaanthropolojia John Middleton, aliyefanya utafiti wake kati ya Walugbara mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kwa ufupi, shujaa anafika ugenini na kumkuta mwanamke mwenye ukoma. Kwake anapata moto. Yeye anamponya ugonjwa wake. Wanalala pamoja na mwanamke anapata mimba. Ndugu za mwanamke wanakuja kwa hasira, tayari kwa vita, na vita inaepushwa kwa ng'ombe. Hapo ndipo mahari inapopata asili yake.

Tulitazame simulizi hili kama tulivyotazama riwaya. Kuna mwanga: katika riwaya ni taa ya mnara na taa za mji, hapa ni moto. Kuna mwamba au mlima unaosimama kama shahidi. Kuna mashahidi waliokasirika: kule ni Andrew na Nancy, huku ni ndugu za mwanamke. Tofauti ni kubwa na ni ya kufundisha. Katika simulizi mwanga uko mikononi mwa mwanamke, naye ndiye anayeutoa. Mwanamume ndiye mwenye baridi na njaa. Mahari inakuja kama njia ya kuzuia damu isimwagike, na si kama bei. Mwanafunzi anayeita mahari biashara ya ng'ombe anapaswa kujibu kwanza simulizi hili, ambamo ng'ombe wanatolewa ili wageni wawe wakwe.

Lakini kuna jambo moja ambalo riwaya na simulizi zinafanana kabisa. Katika zote mbili hatumsikii mwanamke akijibu.

Jibu la Minta

Turudi nyuma ya ule mwamba ufukweni. Tunajua alichokiwaza Paul. Tunajua walichokiona Andrew na Nancy. Tunajua alichokigundua Mama Ramsay. Minta alisema nini? Hatujui. Kitu pekee tulicho nacho kutoka kwake siku ile ni kilio chake juu ya bruchi ya bibi yake, na hata hicho tunakipata kupitia kwa Nancy, anayeshuku kwamba kuna jambo jingine ndani yake. Kisha mezani Paul anasema "tu-", na Minta yumo tayari ndani ya kiambishi cha mtu mwingine.

Wapo wasomaji wanaoiona bruchi kama ishara mbaya tu, dalili ya ndoa itakayoharibika. Makala haya yanaona zaidi ya hapo. Bruchi ni ya bibi yake. Ndicho kitu pekee cha ukoo wake kilichokuwepo ufukweni. Wazazi hawakuwepo, shangazi hakuwepo, na pambo la bibi nalo likachukuliwa na maji. Minta anaingia katika "tu-" mpya bila mtu hata mmoja wa kwao. Paul anaahidi kumnunulia nyingine nzuri zaidi, na hapo anaonyesha kwamba hajaelewa kilichopotea.

Na kwetu je? Katika hafla nyingi za utambulisho nchini Uganda binti huulizwa mbele ya watu kama anawafahamu wageni waliofika. Ni swali zuri, na ni kitu ambacho Woolf hakumpa Minta. Lakini kila mmoja wetu anajua kwamba swali linaloulizwa baada ya mbuzi kuchinjwa na mahema kusimamishwa lina jibu moja tu linaloruhusiwa. Kuuliza si sawa na kusubiri jibu.

Sheria ya nchi imeliona tatizo hili. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 31, inadai hiari ya mwanamume na mwanamke wanaooana, na umri usiopungua miaka 18. Tarehe 6 Agosti 2015 Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi katika kesi iliyofunguliwa na shirika la MIFUMI. Mahakama haikuifuta mahari, lakini ilisema kwamba desturi ya kudai irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Tukilitafsiri jambo hilo katika lugha ya makala haya, mahakama ilisema kwamba mwanamke anayetaka kutoka ndani ya "tu-" hawezi kuzuiwa kwa deni la ng'ombe. Kwa upande wa Waislamu, wakiwemo Wanubi wa Arua na Koboko, dini inasema mahari ni haki ya bibi arusi mwenyewe, mkononi mwake. Kanuni hiyo nayo inataka yeye awepo kama mtu anayepokea, na si kama kitu kinachopokelewa.

Basi kipimo cha posa si idadi ya watu. Wawili hawatoshi kuwa dalili ya hiari, na ukoo mzima hautoshi kuwa dalili ya usalama. Kipimo ni kama yule anayetiwa ndani ya "tu-" amepata kusema "ni-" kwanza: nimekubali, au nimekataa. Kwa kipimo hicho, posa ya ufukweni inaanguka, na posa nyingi za kwetu nazo ziko mashakani.

Mnara unasema nini?

Imebaki taa yenyewe. Mwalimu anayefundisha mahali pasipo bahari hana budi kueleza kazi ya mnara wa taa, na afadhali aelezee kwa mifano ya pwani yetu, kama ule wa kisiwa cha Chumbe karibu na Unguja, uliojengwa mwaka 1904. Mwanafunzi ataulinganisha na mnara wa simu, na ulinganisho huo si mbaya. Taa nyekundu ya mnara wa simu inamwambia rubani: hapa pana kitu, usikigonge. Mnara wa taa baharini nao unamwongoza nahodha kwa kumwonya. Unasema nchi kavu iko hapa, na papo hapo unasema mwamba uko hapa, kaa mbali.

Hili hubadilisha usomaji wetu. Wengi hulichukulia pendo linaloanza karibu na mnara wa taa kuwa pendo lililopata mwongozo. Woolf hafanyi hivyo. Jioni ile Mama Ramsay anautazama mwanga wa mnara unavyopita kwa zamu, mara mbili haraka na mara ya tatu kwa utulivu, na anauchukua ule wa tatu kuwa wake. Mwanga unamtuliza, lakini haumwambii kwamba miaka michache tu ijayo mwanga huo huo utapita juu ya kitanda kisicho na mtu. Binti yake Prue, aliyemtazama Minta mezani kwa shauku na kujiuliza kama naye atapata furaha ile, ataolewa ndani ya mabano na kufa ndani ya mabano kwa maradhi ya uzazi. Mnara uliona yote, na uliendelea kuzunguka. Ni mwanga usiokuwa na upande.

Hitimisho

Tumeona kwamba posa ya Paul na Minta haikuandikwa mahali ilipotokea. Imeandikwa katika neno la nafsi. Tumeona kwamba Kiswahili, kwa kuificha nafsi hiyo ndani ya kitenzi, kinamlazimisha mfasiri aamue jambo ambalo mwandishi ameliacha wazi, na tumependekeza namna ya kuliacha wazi bila kulipoteza. Tumeona pia kwamba msomaji wa Arua au Koboko ana haki ya kuiuliza riwaya hii wazee walikuwa wapi, mradi akubali kuulizwa naye binti alikuwa wapi.

Kuhusu ubora wa tukio lenyewe, uamuzi wa makala haya ni kwamba ni miongoni mwa posa zilizoandikwa kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu halimpi msomaji furaha ya bure. Udhaifu wake, kama ni udhaifu, ni kwamba ukimya wa Minta hauvunjwi hata mwishoni. Tunampata tena katika kumbukumbu za Lily tu, na Lily mwenyewe anakiri kwamba nyingi amezitunga. Mwandishi aliyeweza kuingia katika akili ya kila mtu mezani alichagua kutoisikiliza ya huyu alipokuwa akijibu. Kila darasa na liamue kama hiyo ni hukumu juu ya ndoa za wakati wake au ni mlango ambao Woolf alisahau kuufungua.

Walimu wa Kiswahili wa West Nile wanafanya kazi mahali ambapo "sisi" ni neno lenye historia ngumu: sisi wa huku na wao wa ng'ambo, sisi tuliobaki na sisi tuliokimbilia Sudan na Zaire baada ya mwaka 1979. Kumfundisha mwanafunzi kwamba "tu-" si kiambishi cha kujaza nafasi, na kwamba kila anapokitumia anawaingiza watu fulani na kuwaacha wengine nje, ni sarufi, ni fasihi, na ni malezi kwa pamoja.

Maswali ya mjadala darasani

1. Tafsiri kwa Kiswahili maelezo ya kijana anayeeleza kwa nini amechelewa chakula, bila kutaja uchumba, lakini kwa namna ambayo mama mmoja mezani ataelewa. Umetumia mbinu gani ya lugha?

2. Simulia posa moja uliyoishuhudia, kwanza kwa "tu-" ya mshenga, kisha kwa "ni-" ya binti. Ni habari gani zimebadilika?

3. Katika lugha yako ya nyumbani, nafsi ya kwanza wingi ni neno huru au ni kiambishi? Jambo hilo linaathiri vipi matumizi yako ya "sisi" katika Kiswahili?